MBWA MWOGA NAYE APATE CHANJO

Tangazo limetoka katika ofisi ya kijiji. Bwana mifugo atafika Jumamosi asubuhi kuchanja mbwa. Kila mwenye mbwa amlete uwanjani, karibu na shule. Jumamosi inafika. Wengine wanakuja na mbwa wao kwa kamba. Wengine wanabaki nyumbani. Ukiwauliza sababu, hawasemi kwamba wanaikataa chanjo. Wanasema, "Mbwa wangu hashikiki."

Neno hilo si la kijiji kimoja. Mtu wa Kamachumu anaweza kulisema, na mtu wa Katoro vile vile. Mbwa anaijua nyumba yake na kibanja chake tu. Hajawahi kufungwa kamba. Mgeni akimgusa, hung'ata. Mwenyewe anaona ni afadhali kumwacha kuliko kuaibika mbele ya watu.

Lakini fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mbwa asiyeshikika ndiye yule yule anayezunguka usiku katika migomba. Ndiye anayepigana na mbwa wa jirani na wanyama wa porini. Ndiye aliye mwepesi wa kung'ata. Basi huyo ndiye anayehitaji chanjo kuliko mbwa mpole anayelala jikoni. Tukichanja wapole tu, tumewaacha wale wa hatari.

Makala hii inaeleza jinsi ya kumfundisha mbwa mwoga avumilie kamba, mikono ya watu na sindano. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji dagaa kidogo na muda wa majuma matatu au manne.

KICHAA CHA MBWA NI UGONJWA GANI

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimng'ata mtu, kirusi huingia katika kidonda. Kisha husafiri polepole katika neva mpaka kufika kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma machache au miezi kadhaa. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, kama vile kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mara hufa. Hakuna dawa ya kumponya.

Katika dunia nzima, watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote waling'atwa na mbwa.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Ng'ambo ya pili ya ziwa letu, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, kampeni ya kuchanja mbwa vijijini ilianza mwaka 1996. Mbwa zaidi ya 60 katika kila 100 walichanjwa. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Na watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walipungua pia. Huko Pemba nako, kampeni za chanjo zilikimaliza kichaa kabisa mwaka 2014. Mwaka 2016 kililetwa tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja tena, na mwaka 2018 kikatoweka.

Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa usipate njia ya kupita. Hesabu hiyo ni rahisi kuielewa. Kama kijiji kina mbwa 100, na 40 kati yao "hawashikiki", basi kijiji hicho hakiwezi kufika 70 hata wapole wote wakija.

KWA NINI MBWA ANAOGOPA

Watu wengi husema mbwa wa namna hii ni mkali kwa asili. Mara nyingi si kweli. Mbwa anayebweka na kuonyesha meno mbele ya mgeni huwa anaogopa. Anasema kwa lugha yake, "Usinikaribie."

Tazama jinsi siku ya chanjo inavyokuwa machoni pake. Asubuhi vijana wawili wanamfukuza katika migomba. Wanamkamata kwa nguvu. Wanamfunga waya shingoni, waya ambao hajawahi kuuvaa. Wanamburuta njia nzima, naye anakabwa. Uwanjani anakuta mbwa 50 asiowajua, wote wanabweka. Mtu mwenye harufu ya dawa anamwinamia na kumchoma. Kisha anapigwa fimbo kwa sababu alitaka kung'ata. Mbwa huyo amejifunza somo siku hiyo. Mwakani akiona kamba tu, atakuwa rweya, mbali na nyumba.

Mbwa hukumbuka vitu viwili vinavyokuja pamoja. Mrusi mmoja aliyeitwa Ivan Pavlov alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliona kwamba mbwa wake walidondosha mate hata kabla ya kukiona chakula. Sauti iliyozoea kutangulia chakula ilitosha. Wawindaji wa nchi zetu za maziwa makuu walilijua hilo bila kusoma kitabu. Mbwa wa kuwinda alifungwa kengele shingoni, na akisikia mlio wake tu alirukaruka kwa furaha, kwa kuwa kengele ilimaanisha nyama.

Basi kama kengele inaweza kumaanisha nyama, kamba nayo inaweza kumaanisha dagaa. Hilo ndilo jambo lote.

KUJUA LUGHA YA MBWA

Kabla ya kuanza, jifunze kumsoma mbwa wako. Mbwa mwenye hofu hufyata mkia. Hulaza masikio nyuma. Hugeuza kichwa pembeni huku macho yakibaki kwako, hata weupe wa jicho ukaonekana. Hulamba midomo ingawa hakuna chakula. Hupiga miayo ingawa hana usingizi. Baadaye hukakamaa, kisha hunguruma.

Watu wengi humpiga mbwa anaponguruma. Si vizuri. Kunguruma ni onyo. Ukimpiga, atajifunza kunyamaza, lakini hofu itabaki pale pale. Mbwa wa namna hiyo hung'ata bila kutoa onyo, na huyo ni wa hatari zaidi. Mbwa akinguruma, rudi nyuma kidogo. Umekwenda haraka mno. Kesho anza mahali pale alipokuwa ametulia.

JUMA LA KWANZA: KAMBA

Mafundisho yafanywe na mtu mzima mmoja ambaye mbwa anampenda. Aghalabu ni yule anayempa chakula, na katika nyumba nyingi huyo ni mama. Watoto wasiachiwe kazi hii.

Tafuta dagaa wakavu. Wakazi wa Kemondo na wa visiwa vya Muleba hawana shida ya dagaa. Wa vijiji vya mbali na ziwa wanaweza kutumia vipande vidogo vya utumbo uliochemshwa. (Senene waache. Hao wana wenyewe!) Dagaa mmoja mmoja anatosha. Mfundishe kabla hajala, ili awe na hamu.

Usitumie waya wala kamba nyembamba inayokata shingo. Chukua kitambaa kigumu au mkanda wa zamani, upana wa vidole viwili au vitatu, uwe wa kuzunguka shingo. Usiukaze. Vidole viwili viweze kupita kati ya mkanda na shingo.

Siku ya kwanza weka mkanda chini na umpe dagaa karibu nao. Usimguse. Siku ya pili ushike mkanda mkononi huku ukimpa dagaa. Siku nyingine umguse shingoni kwa mkanda, ukampa. Halafu umvike kwa muda mfupi tu, ukampa, ukamvua. Akishauzoea, funga kamba juu ya mkanda na umwache aiburute mwenyewe uani ukiwa unamtazama. Mwisho shika kamba na utembee naye hatua chache. Akigoma, simama umsubiri. Usimvute.

Kila somo liwe fupi. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Mbwa mmoja atamaliza jambo hili kwa siku nne, mwingine kwa siku kumi. Hakuna ubaya wowote.

JUMA LA PILI: MIKONO NA SINDANO YA UONGO

Sasa mbwa azoee kushikwa. Anza na bega, maana mbwa wengi hawapendi mkono unaotokea juu ya kichwa. Gusa bega, mpe dagaa. Gusa mgongo, mpe dagaa. Gusa paja, mpe dagaa. Mkono utangulie, chakula kifuate. Ukianza na chakula, mbwa atajifunza kwamba chakula ni mtego.

Bwana mifugo huchoma sindano chini ya ngozi ya shingo au bega, ama katika msuli wa paja. Basi ivute ngozi ya hapo kidogo kwa vidole, kama anavyofanya yeye. Mpe dagaa. Kesho mbonyeze hapo hapo kwa kijiti butu au kwa ncha ya kidole. Mpe dagaa. Huo ndio uchomaji wa uongo. Siku ya uchomaji wa kweli itakapofika, hautakuwa jambo geni.

Kisha mfundishe kukumbatiwa. Piga goti ubavuni mwake. Pitisha mkono mmoja chini ya shingo, na mwingine chini ya tumbo. Mvute polepole kifuani pako, kichwa chake kikielekea upande wa pili. Hesabu mpaka tatu, kisha mwachie na umpe dagaa. Ongeza hesabu kidogo kidogo mpaka kumi. Akikukuruka, punguza. Uso wako uwe mbali na uso wake wakati wote.

Akishakuvumilia wewe, mwombe jirani akusaidie. Jirani asimwendee mbwa moja kwa moja wala asimkazie macho. Apite pembeni, amtupie dagaa, aende zake. Siku nyingine asogee zaidi. Mwisho amguse bega wakati wewe umemkumbatia.

KITAMBAA CHA MDOMO

Mbwa anayeweza kung'ata afungwe mdomo siku ya chanjo. Hiyo si adhabu. Inamlinda bwana mifugo na pia inamlinda mbwa, kwa kuwa watu hawatampiga kwa hofu.

Chukua kipande laini cha kanga au shuka kuukuu, upana wa vidole vitatu, urefu kama mkono wa mtu mzima. Fanya kitanzi. Kipitishe puani na mdomoni, katikati ya pua na macho. Kaza kiasi. Pitisha ncha mbili chini ya kidevu, zipishane, kisha zifunge nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka upesi. Pua isizibwe.

Mzoeshe pia kwa dagaa. Kwanza apitishe pua yake mwenyewe katika kitanzi kilicho wazi ili afikie dagaa. Usikaze. Fanya hivyo siku nyingi, kisha kaza kwa muda wa pumzi mbili tu.

Jihadhari na jambo moja. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, mdomo wazi. Kwa hiyo kitambaa kifungwe kwa dakika chache tu, wakati wa sindano, kisha kifunguliwe. Usimfunge tangu nyumbani. Usimfunge mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida.

SIKU YA CHANJO

Siku chache kabla, mpeleke mbwa mpaka uwanjani wakati hakuna watu. Mpe dagaa pale, kisha rudini nyumbani. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Mahali hapo patakuwa mahali pa dagaa.

Siku yenyewe mpe chakula kidogo sana asubuhi. Nendeni mapema, kabla jua halijawa kali na kabla uwanja haujajaa. Usiingie katika mstari. Simama kando, chini ya mti, hatua 20 au zaidi kutoka kwa mbwa wengine. Mwombe mtu akushikie zamu. Zamu yako ikifika, mweleze bwana mifugo ukweli.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Mbwa wako ni mpole?"

"Hapana. Ni mwoga, na anaweza kung'ata. Nimemzoesha kitambaa. Naomba umchome akiwa kule kwenye mti."

Bwana mifugo mwenye busara, awe mwanamume au mwanamke, atafurahi kuambiwa hivyo. Wewe mfunge kitambaa, umkumbatie. Yeye aje kwa ubavuni au kwa nyuma, asimkabili usoni. Sindano ni ya muda mfupi sana. Fungua kitambaa, mpe dagaa waliobaki, ondokeni mara moja. Usikae kuzungumza na rafiki huku mbwa akitetemeka.

Hapa tuseme wazi jambo moja. Katika vijiji vingi kazi ya kupeleka mbwa huachiwa watoto, kwa sababu wao ndio marafiki wa mbwa. Ni kweli ni marafiki. Lakini mtoto wa miaka minane hana nguvu za kumzuia mbwa aliyeshtuka, na uso wake uko karibu zaidi na mdomo wa mbwa kuliko uso wa mtu mzima. Baba au mama aende mwenyewe. Mtoto anaweza kubeba dagaa.

Chukua cheti cha chanjo na ukiweke pamoja na karatasi nyingine za nyumba. Kinga haianzi siku ile ile. Huchukua majuma kadhaa. Chanjo irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa katika cheti, na kwa kawaida ni baada ya mwaka mmoja.

WATOTO WA MBWA

Kazi yote iliyoelezwa hapo juu huwa nyepesi sana kwa mtoto wa mbwa. Tangu juma la 3 mpaka juma la 12 au la 14 la maisha yake, mtoto wa mbwa huzoea mambo upesi. Mguse kila siku. Mfungue mdomo, mshike miguu, mvike mkanda. Wageni wa nyumbani wamshike. Mbwa aliyelelewa hivyo hatakusumbua akikua, na bado atabweka mwizi akija. Kuna wanaodhani kwamba mbwa akizoea watu hatalinda tena. Mbwa hulinda mahali anapopajua. Mateso hayamfanyi mlinzi.

Usisubiri akue ndipo umchanje. Katika kampeni za vijijini, mbwa wote huchanjwa, hata walio chini ya miezi mitatu. Mlete katika tenga lenye nguo kuukuu ndani yake. Usimtie katika gunia lililofungwa.

HII SI HOFU, NI UGONJWA

Mafundisho haya ni ya mbwa mzima ambaye amekuwa mwoga siku zote. Kama mbwa wako alikuwa mpole na ghafla amebadilika, usimfundishe chochote. Usimguse. Mbwa mwenye kichaa huweza kung'ata vijiti na mawe, kutoka mate mengi, kubadilika sauti, au kwenda mbali bila sababu. Mwingine hawi mkali hata kidogo. Hujificha gizani, taya lake hulegea, hawezi kumeza. Watu hudhani amekwama mfupa na kumtia mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Ondoa watoto, funga mlango, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na bwana mifugo upesi.

Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Asipake majivu wala majani. Aende zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa chanjo ya watu huokoa ikitolewa kabla ya dalili. Kama mbwa aliyeng'ata ni mzima na amefungwa, asiuawe upesi. Atazamwe kwa siku 10 na mtaalamu.

IKISHINDIKANA

Wako mbwa ambao hata baada ya majuma manne hawatakubali kwenda uwanjani. Hapo usiviite vijana wenye marungu. Wiki moja kabla ya siku ya chanjo, nenda ofisi ya kijiji. Uliza kama chanjo ni ya bure au ya kulipia, maana hutofautiana. Kisha mwombe mtendaji aandike jina lako, kitongoji chako na idadi ya mbwa wasioshikika. Bwana mifugo akimaliza uwanjani, apewe orodha hiyo apite nyumba kwa nyumba. Mbwa aliye katika ua wake, pamoja na mtu anayemjua, huwa na hofu kidogo kuliko mbwa wa uwanjani. Kama nyumba tano za kitongoji kimoja zimeandikwa, bwana mifugo atapita kwa pikipiki mara moja na kuzimaliza kabla ya jioni. Wewe siku hiyo mfunge mbwa mapema kwa mkanda wake, uwe na kitambaa na dagaa tayari, na watoto wawe kwa jirani.